Kunywa dawa ya limau, lakini hesabu siku unazokohoa

Baridi ya Julai ikishika Nairobi, kila mtu hugeuka daktari. Piga chafya moja tu kwenye matatu na abiria aliye kando yako atakupa ushauri bila kuulizwa: limau, tangawizi, asali, maji moto, ulale mapema. Kazini mwenzako atakuletea kikombe. Mama atapiga simu kutoka ushago kuuliza kama umekunywa kitu moto. Na kwenye kundi la WhatsApp la familia, kuna shangazi ambaye tayari ametuma ujumbe wa sauti wa dakika nne kuhusu maganda ya limau na kitunguu saumu.

Sisi Wakenya kinywaji hicho tumekipa jina lisilohitaji maelezo: dawa. Hatusemi chai ya limau wala maji ya tangawizi. Ingia kibanda cha Gikomba au mkahawa wa Westlands, sema "niletee dawa", na hakuna atakayekuuliza ni ya ugonjwa gani. Tofauti ni bei tu. Kwa mama mboga limau ni shilingi 10 au 20. Huko Westlands kikombe kinaweza kukumaliza zaidi ya shilingi 200, na bado uhudumiwe kwa Kizungu.

Sijaja kukuambia uache. Kunywa. Nina ombi moja tu, na halikugharimu hata shilingi: siku utakayoanza kunywa hiyo dawa, anza pia kuhesabu siku. Ukifika siku ya 14 na bado unakohoa, weka kikombe chini uende ukapimwe kifua kikuu. Usiende kwa sababu limau ni baya. Nenda kwa sababu kuna kazi ambazo limau haliwezi, na mojawapo inaua watu wa rika letu.

Tulitendee limau haki kwanza, maana historia yake ni ya kweli. Mwaka 1747, daktari wa meli ya kivita ya Uingereza aitwaye James Lind alikuwa na mabaharia waliougua kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kuvuja damu na meno kulegea, ambao ulikuwa ukimaliza watu kwenye safari ndefu. Aliwachukua wagonjwa 12, akawagawa wawili wawili, na kila jozi akaipa kitu tofauti. Kuna waliopewa siki, kuna waliopewa maji ya bahari. Wawili walipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Baada ya siku sita hivi, hao wawili wa machungwa na limau ndio waliokuwa wamepata nafuu kuliko wote, na mmoja wao alirudi kazini. Ilichukua karibu miaka 50 kwa wakubwa wa jeshi la majini kukubali, lakini kufikia 1795 mabaharia walikuwa wakigawiwa maji ya limau kama sehemu ya chakula chao. Baadaye sana ndipo wanasayansi walipokitambua kilichokuwa kikifanya kazi hiyo: vitamini C.

Kwa hivyo ukisikia mtu akisema limau ni dawa, hajakosea. Ni dawa ya kiseyeye. Swali ni jinsi tulivyolipandisha cheo kutoka kwenye fizi hadi kwenye mapafu.

Aliyeisukuma sana imani hiyo katika enzi yetu hakuwa mganga wa kienyeji. Alikuwa mkemia Mmarekani, Linus Pauling, mtu aliyeshinda Tuzo ya Nobel mara mbili, ya kemia mwaka 1954 na ya amani mwaka 1962. Mwaka 1970 alichapisha kitabu akidai kwamba vitamini C kwa wingi huzuia mafua, au homa kama tunavyoiita mitaani. Watu walikinunua kwa fujo, kwani nani angebishana na mshindi wa Nobel? Zile tembe za miligramu 1,000 unazoziona kemisti, za kutumbukiza kwenye glasi zikatoa povu kama soda, umaarufu wake una deni kubwa kwake.

Lakini sayansi haiangalii cheo cha anayesema. Imani hiyo ilipimwa, ikapimwa tena, kwa miaka mingi. Mwaka 2013 watafiti wa mtandao wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio yaliyofanywa kuhusu tiba fulani na kuyapima pamoja, walitoa hesabu yao. Walitazama majaribio 29 yaliyohusisha watu zaidi ya 11,000. Walichokuta ni kwamba kwa mtu wa kawaida, kumeza vitamini C kila siku hakumzuii kupata mafua. Anayeimeza kila siku hupona mapema kidogo, muda wa kuugua ukipungua kwa asilimia 8 hivi kwa watu wazima na asilimia 14 kwa watoto. Hebu ifanyie hesabu: mafua ya siku saba yanakuwa ya siku sita na nusu. Na ukingoja hadi kamasi zianze kutiririka ndipo ukimbilie vitamini, majaribio hayakuonyesha faida ya kutegemewa.

Kuna kundi moja lililofaidika kweli: wakimbiaji wa marathoni, wanaoteleza kwenye theluji na wanajeshi waliokuwa wakifanya mazoezi makali kwenye baridi. Kwao uwezekano wa kupata mafua ulipungua kwa nusu. Kama unajifua kambini Iten, una hoja. Kama mazoezi yako ni kupanda ngazi hadi orofa ya tano kwa sababu ploti yenu haina lifti, pole.

Tena majaribio hayo yalitumia miligramu 200 au zaidi kwa siku. Limau zima la kawaida lina miligramu 30 hivi, na ukilitupa kwenye sufuria inayotokota, joto linaharibu sehemu ya hizo. Kama shida yako ni vitamini C, mbona usile mapera? Kwa uzito uleule, pera lina vitamini C takriban mara nne ya limau. Hata pilipili hoho mbichi unayoikatia kwenye kachumbari inalizidi limau. Lakini ulisikia lini mtu akiagiza kachumbari kwa sababu ana kikohozi?

Sasa utaniuliza: kama ni hivyo, mbona nikinywa dawa nasikia afadhali? Jibu ni kwamba unasikia afadhali kwa sababu kweli unapata afadhali. Mwaka 2008 watafiti wa Cardiff, Wales, waliwapa watu 30 wenye mafua kinywaji cha matunda, kikiwa moto na kikiwa na joto la kawaida la chumbani. Kinywaji kilekile, tofauti ni moto tu. Waliokinywa kikiwa moto walisema koo, baridi ya mwili na uchovu vilipungua papo hapo, pamoja na kamasi, chafya na kikohozi. Kilipokuwa hakina moto, kilisaidia kamasi, chafya na kikohozi tu. Hakuna aliyeponywa mafua. Waliburudika, na mgonjwa kuburudika si jambo dogo.

Halafu kuna asali. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walikusanya tafiti 14 kuhusu asali na maradhi ya koo na pua, wakakuta kwamba asali ilipunguza kikohozi kuliko matibabu ya kawaida wanayopewa wagonjwa wengi. Yaani ndani ya kile kikombe, wanaofanya kazi kubwa ni asali na moto, huku limau likichukua sifa zote. Ila kuna sharti moja ambalo usilisahau ukiwa na mtoto nyumbani, awe wako au wa dada yako: mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja hapewi asali kabisa, hata tone. Asali inaweza kuwa na vimelea ambavyo tumbo la mtu mzima linavidhibiti lakini kwa mtoto mchanga vinatoa sumu inayolegeza misuli, hata ya kupumua.

Nitakwenda mbali zaidi nilitetee limau. Katika wiki ya kwanza ya mafua, kikombe chako cha dawa kina akili kuliko kile ambacho wengi wetu hufanya tukitoka kazini: kusimama kemisti na kusema "nipe kitu ya kifua", kisha kuondoka na tembe sita za amoksilini zilizofungwa kwenye karatasi. Mafua huletwa na virusi. Antibiotiki haziui virusi. Unachofanya ni kuvipa mazoezi vile vimelea vingine vilivyo mwilini mwako, ili siku utakapoihitaji ile dawa kikweli, vikucheke. Kati ya nusu dozi ya antibiotiki na kikombe cha limau, mimi naunga mkono limau, mchana kweupe.

Basi shida iko wapi? Iko kwenye lile jina. Kitu kikiitwa dawa, ukikinywa unahesabu kwamba umeshaanza matibabu. Moyo unatulia. Mtu akikuuliza, "Umeona daktari?" unamjibu, "Nakunywa dawa." Wiki inapita. Unaongeza tangawizi. Wiki ya pili unaongeza kitunguu saumu. Ya tatu mtu anakuambia ulikuwa unakosea, maganda nayo huchemshwa. Kila kikohozi kinachokataa kuisha kinapata kiungo kipya, na kila kiungo kipya kinakununulia wiki nyingine ya kungoja.

Na kifua kikuu kinapenda mtu anayengoja. Hakiji kwa kishindo kama malaria. Huanza na kikohozi cha kawaida tu, kisha uchovu ambao unaulaumu kazi, kisha jasho la usiku ambalo unalaumu blanketi, kisha suruali inaanza kulegea kiunoni na marafiki wanakupongeza kwa kupunguza mwili. Wakati huo wote unakunywa limau, na kuna siku unasikia afadhali, kwa sababu kinywaji moto humburudisha kila mtu, mwenye mafua na mwenye kifua kikuu.

Usidhani hili ni jambo la vijijini au la wazee. Mwaka 2016 serikali ilifanya uchunguzi wa nchi nzima kwa watu wazima, nyumba kwa nyumba, na kukuta kwamba katika kila watu 100,000, watu 558 walikuwa na kifua kikuu kilichothibitishwa maabara. Wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake, na mijini kulikuwa na wagonjwa wengi kuliko mashambani. Na miongoni mwa waliokutwa na dalili, wengi hawakuwa wametafuta matibabu popote. Walikuwa nyumbani, wanaendelea na maisha. Bila shaka vikombe vya limau havikukosekana.

Fikiria jinsi tunavyoishi. Kifua kikuu husambaa kwa hewa, na sisi tunaishi kwa kugawana hewa. Matatu imejaa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, ngoma iko juu. Bedsita moja mnalala wanne, kila mmoja amelipa robo ya kodi. Hosteli, kesha ya kanisa, klabu siku ya Ijumaa, kibanda cha kutazama mechi ya Arsenal. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mgonjwa mmoja wa kifua kikuu asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu 5 hadi 15 walio karibu naye kwa mwaka. Hao si takwimu. Ni mwenzako wa chumba, ni mpenzi wako, ni mtoto wa jirani unayembeba ukitoka kazini.

Najua kwa nini hatuendi. Siku moja ya foleni ni siku moja bila kibarua, na mwenye boda boda akipoteza siku, jioni hakuna unga. Hilo ni kweli na sitalibeza. Lakini angalia upande wa pili wa hesabu. Katika hospitali za umma, kupimwa makohozi na dawa za kifua kikuu ni bure. Unatema makohozi kwenye kikopo, yanaingizwa kwenye mashine ya GeneXpert, na mashine hiyo ikianza kazi hutoa jibu kwa takriban saa mbili, tena inaonyesha kama vimelea vyako vimezoea mojawapo ya dawa kuu. Kwa kifua kikuu cha kawaida matibabu ni miezi sita, na wengi huacha kuambukiza wengine baada ya wiki mbili hivi za kumeza dawa ipasavyo. Sasa linganisha: vikombe 14 vya dawa kwa shilingi 200 kila kimoja ni shilingi 2,800. Umelipa 2,800 kukaa na ugonjwa ambao kuujua ni bure.

Kuna sababu nyingine ambayo hatuisemi kwa sauti: aibu. Wengi wanaogopa kwamba wakionekana kwenye kliniki ya kifua, mtaa mzima utasema wana Ukimwi. Ni kweli kwamba mtu anayeishi na virusi vya HIV hushambuliwa na kifua kikuu kwa urahisi, na yeye hapaswi hata kungoja hizo siku 14. Akikohoa tu, aulizie kipimo. Lakini kifua kikuu humpata yeyote anayevuta hewa. Mwenye nguvu za kubeba magunia Wakulima Market anaweza kukipata, na mwenye digrii mbili pia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na limau limekuwa mojawapo ya mahali petu pazuri pa kuyaficha.

Hapa najua kuna msomaji ameshakunja uso. "Huyu ni wale wanaodharau dawa zetu za kiasili. Nyanya yangu aliishi hadi uzeeni kwa mitishamba." Ndugu yangu, sikubishii kuhusu nyanya. Lakini kama unaheshimu dawa za jadi, basi heshimu pia kazi ya kuzipima. Pakanga ilitumika Uchina tangu zamani kutibu homa. Mwanasayansi Tu Youyou hakuishia kusema "wazee walisema". Yeye na wenzake walisoma maandishi ya kale, wakatafuta kilichomo ndani ya mmea, wakakitoa, wakakipima, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Leo ukimeza dawa ya malaria uliyopewa zahanati, yumkini unameza matunda ya kazi hiyo. Limau nalo lilipimwa. Likashinda kwenye kiseyeye, na kwenye mafua likapata alama ndogo. Kukubali matokeo hayo si dharau.

Tena hao wazee unaowataja hawakukiita kila kikohozi kwa jina moja. Sikiliza Kiswahili chenyewe: kuna mafua, kuna pumu, kuna kifaduro, kuna nimonia, kuna kifua kikuu. Watu hawatungi majina matano kwa kitu kimoja. Walijua kwamba kifua kinachobana usiku na kupiga filimbi si sawa na kifua kinachokula mwili polepole. Sisi ndio tuliochukua maradhi hayo yote tukayamimina kwenye kikombe kimoja. Mwenye pumu anahitaji inhela inayofungua njia za hewa. Akibanwa, limau halifungui chochote. Mwenye nimonia inayoletwa na bakteria anahitaji zile antibiotiki ambazo tunazichezea tukiwa na mafua.

Na kwa watoto usihesabu siku 14 kabisa. Mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 740,000 wa chini ya miaka mitano duniani, kama walivyohesabu Shirika la Afya Duniani. Kama mtoto anakohoa, mvue shati umtazame kifua akiwa ametulia. Hesabu anavyovuta pumzi kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja akifikisha 50, au wa mwaka mmoja hadi miaka mitano akifikisha 40, au ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, usichemshe kitu. Mbebe, nenda hospitali usiku huohuo.

Mtu mzima naye kuna dalili ambazo hazingoji kalenda. Kukohoa damu. Kushindwa kupumua au kupumua kwa shida. Maumivu makali ya kifua. Joto jingi mwilini ambalo halishuki kwa siku tatu. Ukiona mojawapo, hiyo ni ya leo.

Maneno mawili kuhusu kujifukiza, kwa sababu limau na mvuke hutembea pamoja. Wakati wa korona, baada ya kisa cha kwanza kutangazwa hapa Kenya mnamo Machi 13, 2020, malimau na tangawizi vilipanda bei sokoni, na watu wakajifunika blanketi juu ya sufuria zenye maganda ya limau na majani ya mwarobaini. Jirani zetu Tanzania waliita nyungu, na rais wao wa wakati huo akaipigia debe. Mvuke unaweza kulegeza kamasi kwa muda. Hauui virusi ndani ya mapafu. Unachoweza ni kukuunguza, na sufuria ya maji yanayotokota kwenye chumba kidogo chenye watoto ni hatari kubwa kuliko mafua yenyewe.

Ukitengeneza dawa yako, itengeneze vizuri. Chemsha tangawizi kwanza, epua, acha ipoe kidogo, ndipo ukamue limau na kutia asali. Usilinyonye limau tupu siku nzima, kwa sababu asidi yake inakula meno. Ukimaliza, suuza kinywa kwa maji na usipige mswaki papo hapo. Kama una vidonda vya tumbo au kiungulia, jua kwamba limau linaweza kukuchokoza, na kiungulia chenyewe kinaweza kukufanya ukohoe. Utakuwa unajitibu kwa kile kinachokukera.

Sasa chukua simu. Kama umeanza kukohoa wiki hii, fungua kalenda, hesabu siku 14, andika neno moja tu: "pima". Kama hukumbuki kikohozi chako kilianza lini, hilo lenyewe ni jibu, hesabu kwamba siku zimepita. Na kama anayekohoa ni mwenzako wa chumba, usimrushie ushauri mwingine wa viungo. Muulize swali moja: "Hii ni wiki ya ngapi?" Kisha umsindikize. Foleni ya hospitali ya umma huwa fupi kidogo mkiwa wawili, mmoja akishika nafasi na mwingine akitafuta chai.

Ukipimwa ukaambiwa huna kifua kikuu, waulize wanadhani ni nini, maana kikohozi cha wiki mbili kina chanzo na chanzo hicho kina haki ya kutafutwa. Ukiambiwa unacho, anza dawa siku hiyo, uwaambie unaolala nao chumba kimoja waje wapimwe. Jioni, ukishafika nyumbani, jitengenezee kikombe cha limau na asali kama kawaida. Hakuna daktari atakayekukataza. Safari hii kitakuwa kinakuburudisha tu, na kazi ya kutibu itakuwa mikononi mwa anayeiweza.